Herufi Tatu za Mgongoni

Binti yangu wa kwanza alianza kuanguka kabla hajajua kusema vizuri. Alipata homa kali, akakakamaa mikononi mwangu, na tangu siku ile nyumba yetu ya mtaa wa Soweto, mjini chini ya mlima, ikawa nyumba ya kusikiliza. Nikiwa jikoni nilisikiliza kama bado anacheza uani. Nikiwa kwenye cherehani nilisikiliza. Kikombe kikidondoka nilisimama, hata kama aliyekidondosha ni baba yake.

Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, kama wengi walivyopunguzwa miaka ile viwanda vilipobinafsishwa, akawa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilishona sare za shule kwenye kibaraza karibu na soko. Dawa za mtoto tulizipata kliniki, pale hospitali ya Mawenzi, siku zilipokuwepo. Zilipokosekana tulinunua duka la dawa. Tuliposhindwa kununua, binti aliruka siku, na akiruka siku alianguka. Aliwahi kuangukia mafiga akaungua mkono wa kushoto. Kovu lile ndilo lililomzoesha kuvaa mikono mirefu hata mwezi wa pili, jua linapochoma mji mzima.

Kwenye benchi la kliniki tulizoeana kinamama. Wengine walikuwa wa mjini kama mimi, wengine waliteremka kutoka Kibosho, mlimani, alfajiri, watoto wamewabeba mgongoni, watoto wakubwa wa kutembea wenyewe, kwa kuogopa wasije wakaangukia kwenye mfereji njiani. Tulikuwa hatusemi ugonjwa wenyewe. Tulisema "mtoto ana ile hali." Nesi aliyetuhudumia, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ndiye aliyetuambia siku moja kwamba kila mmoja wetu anahangaika peke yake kwa jambo lile lile. Tukaungana. Lengo letu lilikuwa dogo: kuwa na akiba ya vidonge, ili kliniki ikiishiwa asiwepo mtoto wa kuruka siku, na kumpa nauli mama wa mlimani aliyekwama.

Tulianza kwa kuomba makanisani. Mara ya kwanza watu walitoa, tena kwa moyo. Mara ya pili walitazama viatu vyao. Sikuwalaumu. Mtu akikuhurumia leo, kesho ana ada ya mtoto wake na msiba wa jirani yake.

Wazo la fulana lilitoka kwa fundi aliyekuwa akichapa nguo chumba cha pili kutoka kibaraza changu. Alichapia kampuni za kupandisha wageni mlimani, alichapia timu za mpira, na uchaguzi ukikaribia alichapia kila chama bila ubaguzi. Nilikuwa namkunjia pindo za fulana zake. Nikamwambia tumewaza kuuza fulana lakini hatuna mtaji wa kununua hata katoni moja.

"Katoni ya nini?" akasema. "Mimi nachapa hata moja. Mtu anayetaka alete nguo yake mwenyewe, hata ya mtumba, mimi naweka maneno. Akitaka mpya nitamnunulia hiyo moja. Mnachapa aliyeomba tu. Hakuna kitakachowalalia."

Alitaka hela ya wino na ya mkono wake, inayobaki iwe yetu. Kwa watu wasio na kitu, hiyo ndiyo biashara iliyowezekana.

Ugumu ulikuwa kwenye maneno. Tulikutana kibarazani kwangu, kinamama tumekaa juu ya marobota ya vitambaa, na nesi akasema fulana lazima iwafundishe watu nini cha kufanya. Wengi wakimwona mtu ameanguka wanakimbia, wanasema mapovu yanaambukiza. Wanaobaki wanamtia kijiko mdomoni. Akatuandikia kwenye karatasi ya kukatia nguo: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke.

"Na juu tuandike kifafa," akasema.

Mama mmoja wa Kibosho, aliyekuwa na mtoto wa kiume mkubwa kuliko wetu wote, akasema, "Nesi, ukiandika hilo neno, nani atalivaa? Mimi nina mabinti wawili hawajaolewa. Watasema ukoo wote una kifafa."

"Bila hilo neno watajuaje ni nani anayeanguka?" nikauliza. "Watadhani tunazungumzia walevi."

Tukacheka, na kicheko ndicho kilichotupitisha. Fundi akatengeneza fremu ya kuchapia yenye maneno haya: AKIANGUKA KWA KIFAFA. MLAZE UBAVU. USIMTIE KITU MDOMONI. KAA NAYE. Yalikaa mgongoni, kwa sababu vifua vya fulana za mtumba vilikuwa tayari vina maneno ya watu wengine. Mzee mmoja fundi wa baiskeli alileta fulana yenye jina la shule ya wasichana ya nchi za mbali, akaivaa kwa fahari kifuani na mgongoni.

Kilichonishangaza ni jinsi oda zilivyokuja. Mtu alikuja kibarazani akajifanya anauliza bei ya sketi. Akashika kitambaa, akakiachia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nasikia kuna fulana." Nikasema zipo, lakini tunachapa kwa anayeomba. Hapo ndipo alipolazimika kuniambia anataka ipi na ya nani, na mara nyingi baada ya hapo akaniambia na mengine. Kaka yake. Mwanawe. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto. Kama tungekuwa na fulana zimetundikwa ukutani, angenunua akaondoka. Kwa sababu zilikuwa hazipo, ilibidi aombe, na akiomba alikuwa ameshasema.

Binti yangu peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa ameingia ujana. Nilipomwambia nimchapie moja, alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mama, mimi si ubao wa matangazo," akasema.

Nikaacha.

Jumamosi moja, majira ya mvua za masika, alikuja mwalimu wa shule ya msingi ya huko Kibosho. Alikuwa bado kijana, ameolewa karibuni. Darasani kwake kulikuwa na mtoto aliyeanguka, watoto wengine wakaruka madirishani. Akataka fulana mpya, nyeupe, aivae Jumatatu mbele ya shule nzima awasomee mstari kwa mstari. Nikafurahi sana. Fundi akamchapia mchana baada ya kula, nikaikunja ikiwa bado na joto la pasi ya kukaushia wino, nikamfungia kwenye gazeti, akawahi gari.

Jioni, jua bado lipo, nilikwenda kwa fundi kuchukua nyingine iliyokuwa imechapwa baada ya ile. Ilikuwa inaning'inia kwenye kamba. Niliisoma kwa mazoea tu, kama mtu anavyosoma kibao cha mtaani kwake. Nikasoma tena. MTIE KITU MDOMONI.

"Fundi," nikasema, "njoo usome."

Alikuja anajifuta mikono. Alisoma, midomo yake ikitembea. Akachukua ile fremu yenye kitambaa chembamba kinachopitisha wino, akaiinua kwenye mwanga. Umeme ulikuwa umekatika mchana, akaenda kula akaiacha bila kuisafisha, na wino ulikuwa umekaukia upande mmoja. Pale palipokuwa na U, S na I, mwanga ulikuwa haupiti.

"Za asubuhi?" nikauliza.

"Za asubuhi nzima kabisa. Zote nilizitazama. Baada ya kula nimechapa mbili tu, hii na ya mwalimu."

Akakaa kwenye kindoo cha rangi. Nilikuwa nimeikunja ile ya mwalimu kwa mikono yangu, maandishi ndani, kama ninavyokunja zote. Nikamwona akilini mwalimu Jumatatu mbele ya mistari ya watoto, anawasomea, nao wanaitikia kwa sauti moja. Watoto wanaenda nyumbani na kijiko.

Mwalimu hakuwa na simu. Nilijua jina la shule na kwamba anaishi karibu na parokia. Basi.

Asubuhi ya Jumapili nikajiandaa kupanda. Mume wangu alikuwa zamu, na binti sikutaka kumwacha peke yake, kwa hiyo nikamwambia avae viatu tunakwenda Kibosho. Alinung'unika. Nilipomweleza sababu akaenda kuvaa.

Tulipata pikapu iliyopeleka pumba za ng'ombe, tukakaa mbele na dereva. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya njia kuwa uji. Baada ya daraja gari likaanza kwenda ubavu, dereva akasema yeye anaishia pale. Tukavua viatu tukapanda kwa miguu, tukipita katikati ya migomba na mibuni, maji ya mfereji yakipiga kelele pembeni. Binti alitangulia. Mimi nyuma nilimtazama mgongo wake na kila jiwe lililokuwa mbele yake. Aligeuka mara moja akasema, "Mama, tazama unapokanyaga wewe," na kweli nikateleza nikakalia matope.

Shule ilikuwa imefungwa. Tukangoja nje ya kanisa misa iishe, nami nikimtafuta mwalimu kwenye kila kundi lililotoka. Hakuwepo. Mama mmoja muuza ndizi akatuambia mwalimu amesali misa ya kwanza, akaenda kumjulia hali mgonjwa ng'ambo ya korongo, na akatuelekeza kwake.

Tulimkuta mama mkwe wake kwenye zizi, analisha ng'ombe majani ya migomba. Bibi mfupi, mgumu, amevaa sweta zito la kahawia na kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mmetoka mjini na matope yote hayo?"

Binti naye akaamkia. Nikamweleza bibi kwamba tunamtafuta mwalimu, kuna fulana tulimchapia jana, ina kosa, tunaomba tuirudishe kabla hajaivaa. Nilijaribu kusema taratibu lakini nadhani nilikuwa nahema.

"Fulana nyeupe?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Iko wapi?"

"Ninayo."

"Tunaweza kuiona?"

Akafungua vifungo viwili vya sweta akatuonyesha ukosi mweupe. Alikuwa ameivaa. Baridi ya asubuhi ilikuwa kali, alisema, akaikuta kwenye kiti, akaitia ndani ya sweta. Mkwewe alipomwona akamwambia aivae tu mpaka jioni, ataifua usiku. Alikuwa ameshakwenda nayo kanisani, dukani, na kwa jirani kuomba chumvi.

"Na sweta hukulivua mahali popote?" nikauliza.

"Nivue sweta na baridi hii? Mwanangu, una homa?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye gogo la kupasulia kuni, nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na binti akaanza kucheka kwa kuniona mimi, na bibi akatutazama wote wawili kama watu waliokunywa pombe ya mbege kabla ya saa ya mbege. Akatuingiza ndani akatupakulia mtori wa moto, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Sijawahi kula mtori mtamu kama ule.

Mwalimu alirudi tukiwa bado tunakula. Nilipomwambia, alimgeuza mama mkwe wake taratibu, akalishusha sweta, akasoma. Akakaa.

"Hukuisoma jana?" nikamuuliza.

"Niliisoma ndani ya gari," akasema. "Sikuona kosa lolote. Nimeona hivyo tangu nizaliwe. Mtu akianguka, kijiko. Nilifurahi kwamba na hospitali nao wanasema hivyo. Kesho ningewasomea hivyo hivyo."

Hakuna mtoto ambaye angetusahihisha, kwa sababu kosa letu lilifanana na walichokijua.

Nikasema naichukua, wiki ijayo namletea nyingine. Bibi akakataa.

"Hii imeshakuwa yangu," akasema. "Mpelekee yeye hiyo nyingine. Hii ina joto."

"Mama, imeandikwa vibaya," mwalimu akamwambia.

"Basi iandikeni vizuri. Mimi nitasimama."

Mwalimu akatafuta, akapata rangi ya viatu vya shule, ile nyeusi ya maji yenye kijibrashi. Binti akaichukua bila kuambiwa. Bibi akavua sweta, akasimama mlangoni penye mwanga, mikono ameishika kiunoni. Binti akapandisha mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko ili asijipake rangi, kovu likiwa nje kwa wote kuliona, akaanza na U.

"Ni wewe unayeanguka?" bibi akauliza, bila kugeuka.

Niliacha kutafuna. Nilitaka kujibu mimi, kama nilivyozoea kumjibia.

"Ndiyo, bibi," binti akasema. "Usitikisike."

"Mdogo wangu alikuwa anaanguka. Tulikuwa tunamwekea mti mdomoni, mimi ndiye niliyekuwa naushika. Meno ya mbele yakavunjika. Alikua hivyo hivyo, hacheki, anaziba mdomo kwa mkono. Hatukuambiwa na mtu."

Binti alimaliza I, akapuliza rangi ikauke, akarudi nyuma kutazama. Zile herufi zilikuwa kubwa kuliko nyingine na zilikaa mshazari, lakini zilisomeka kutoka zizini. Bibi hakulivaa tena sweta. Alikwenda mpaka kwa jirani tena, baridi au si baridi, na tulimsikia akimwambia mtu kwa Kichagga asimame amsome mgongoni.

Tulishuka mchana ule kwa miguu karibu njia yote. Jua lilitoka, migomba ikatoa mvuke. Nilimkuta fundi anatungoja mlangoni kwetu, Jumapili, na shati la kanisani. Nikamwambia imepatikana, na ilikuwa chini ya sweta. Akashika fremu ya mlango akainamisha kichwa. Kisha akasema fremu ile ya kuchapia ameshaichana kitambaa, ametengeneza nyingine, na kuanzia sasa hatoi nguo mpaka mtu wa pili ameisoma kwa sauti. Binti akasema yeye atakuwa anasoma Jumamosi, siku isiyo na shule. Nilijifanya sikushangaa.

Mwalimu alipata fulana yake katikati ya wiki, akasimama nayo mbele ya shule. Baada ya hapo oda za Kibosho zikawa nyingi kuliko za mjini. Watu walishuka siku ya soko na nguo zao mkononi: fulana, mashati ya kazi, hata koti la mtu mmoja aliyefanya kazi ya kubebea wageni mizigo mlimani. Hatukutajirika. Lakini kopo la vidonge lilikuwa halikauki, na mama yule wa Kibosho mwenye mabinti wawili alikuja kuagiza ya kwake mwenyewe, akaniambia mabinti ndio waliomtuma.

Binti hakuwahi kuvaa fulana ile, na sikumwomba tena. Alisoma migongo ya nguo za watu mpaka alipomaliza shule, akaenda kujifunza kuoka mikate, na sasa ana kazi na nyumba yake. Huanguka mara chache sana.

Mara moja alianguka kanisani, siku ya Pasaka, kwaya ikiimba. Mimi nilikuwa nimekaa upande mwingine, mbele. Nilisikia kishindo, nikakijua, nikaanza kusukumana na magoti ya watu kutoka kwenye safu yangu. Nilipofika walikuwa wameshamlaza ubavu. Mtu ambaye sikumfahamu alikuwa amemkunjia koti chini ya kichwa, mwingine amesogeza benchi, na kijana mmoja anamshikia kiatu kilichochomoka. Hakuna aliyekimbia. Mikono yao yote ilikuwa mbali na mdomo wake. Kwaya haikukatiza wimbo.

Nilisimama pale sijui nifanye nini. Mama mmoja aliyekuwa amepiga magoti pembeni yake akaniona, akasogea kidogo, akanipa nafasi nikae.